Hodi ya Maandishi: Namna ya Kumwandikia Mtu wa Kazi Usiyemfahamu

Nina steshenari Ngamiani, jijini Tanga, ambako kwa miaka mingi watu wamekuwa wakija kuchapiwa barua za kuomba kazi. Barua zile zilitiwa kwenye bahasha ya kaki na kupelekwa kwa mkono. Mwombaji alisimama mapokezi, akasalimia, akaonekana sura na mavazi yake. Leo wengi wanaokaa mbele ya meza yangu wanataka niwasaidie kujitambulisha LinkedIn, mtandao wa watu wa kazi uliofunguliwa mwaka 2003, na huko sura haisemi wala sauti haisikiki. Lugha peke yake ndiyo inayobisha hodi, na ikibisha vibaya mlango haufunguliwi, hata kama mgeni ni fundi hodari. Haja hii imeongezeka mno tangu zianze kazi za bomba la mafuta ghafi, lenye urefu wa kilomita 1,443 kutoka Hoima nchini Uganda hadi Chongoleani hapa kwetu, kwa sababu wasimamizi wa kazi kama hizo hawakai ofisi ambayo kijana wa Makorora anaweza kuifikia kwa bodaboda.

Nitaeleza hatua ninazozifuata mimi mwenyewe, nikitumia mfano wa binti mmoja mchomeleaji aliyenijia akiwa amekata tamaa baada ya kuwaandikia watu wengi bila kujibiwa na hata mmoja.

Hatua ya kwanza: Jiite kwa jina la kazi unalostahili

Mstari ulio chini ya jina lako ndio unaosomwa kabla ya yote, na nafasi yake haizidi herufi 220. Binti yule alikuwa ameandika: "Mhandisi wa uchomeleaji, mchapakazi, mwenye ndoto kubwa." Nilimwomba anioneshe vyeti vyake, akanipa cheti cha VETA, yaani mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, cha ngazi ya tatu, tena chenye alama nzuri. Hicho ni cheti cha heshima, lakini si cha uhandisi. Katika fani hizi tuna majina yetu yaliyopangika: fundi mchundo ni yule aliyefunzwa kazi ya mikono akaimudu, fundi sanifu kwa kawaida ni mwenye stashahada, na mhandisi ni jina linalolindwa, kwa kuwa Sheria ya Usajili wa Wahandisi ya mwaka 1997 inamkataza mtu asiyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi kujitambulisha nalo. Msomaji aliye ndani ya fani anaijua tofauti hiyo. Akiona jina limepandishwa, atashuku pia yale yaliyo ya kweli.

Tukaandika hivi: "Fundi mchundo wa uchomeleaji, VETA ngazi ya tatu. Mageti, mapaa na miundo ya chuma. Tanga." Maneno "mchapakazi" na "ndoto kubwa" tuliyaondoa, si kwa sababu ni uongo, bali kwa sababu kila mtu huyaandika na hakuna anayeweza kuyapima. Neno "fundi" pekee nalo halitoshi, kwani fundi anaweza kuwa wa cherehani, wa saa, wa umeme au wa kujenga. Litaje mara moja lile linalokutofautisha.

Hatua ya pili: Pima vitenzi vyako

Hapa ndipo ninapokaa na mteja muda mrefu kuliko penginepo, maana Kiswahili hubeba ukweli au udanganyifu ndani ya kiambishi kimoja tu. Mtu anaandika "nafanya kazi bandarini" wakati mkataba wake uliisha miezi saba iliyopita. Kwa kuacha "-na-" mahali pa "-li-" amesema jambo lisilo kweli, na atakayempigia simu msimamizi wake wa zamani atalijua siku hiyo hiyo. Mwingine anaandika "nilijenga ghala" hali walikuwa mafundi kumi na wawili. Nafsi ya kwanza umoja ni nzito, na mwenye kuitumia awe tayari kuibeba.

Binti wetu aliandika: "Nimetengeneza paa la shule." Nikamuuliza mlikuwa wangapi, akasema watano, na yeye alikata na kuchomelea vipande vya kenchi chini, kabla ya kupandishwa juu. Basi tukaandika: "Tulikuwa mafundi watano katika kazi ya paa la chuma la darasa, mimi nilikata na kuchomelea kenchi." Sentensi imerefuka, lakini sasa msimamizi anaona mikono yake ikifanya kazi, jambo ambalo neno "nimetengeneza" lilikuwa limelificha. Tofautisha vivyo hivyo kati ya nilisaidia, nilishiriki, nilisimamia na niliongoza. Mtu aliyesaidia akasema alisaidia huaminiwa siku atakaposema aliongoza.

Hatua ya tatu: Ondoa yasiyohusu macho ya watu

Namba ya kitambulisho cha NIDA, tarehe ya kuzaliwa, dini, hali ya ndoa na namba za simu za wadhamini havina kazi kwenye ukurasa unaosomwa na kila mtu. Vitatolewa vitakapoombwa na mwajiri halali. Wadhamini hasa wanastahili kuulizwa kwanza, kwa kuwa taarifa hizo ni zao, na tangu mwaka 2022 nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Hatua ya nne: Chagua lugha, kisha ishike

Wateja wengi hudhani kwamba Kiswahili hakifai mahali pa kazi, kwa hiyo huchanganya nusu kwa nusu, na ujumbe ukawa hauna heshima ya lugha yoyote. Kanuni yangu ni nyepesi: tazama mpokeaji mwenyewe anaandika kwa lugha gani, umfuate. Kama maandiko yake ni ya Kiswahili, mwandikie Kiswahili kizima. Kama ni ya Kiingereza, andika Kiingereza rahisi unachokimudu mwenyewe, kwa sababu siku ya mahojiano utaulizwa kwa lugha hiyo hiyo. Mtandao wenyewe unaruhusu kuweka maelezo yako kwa lugha ya pili, hivyo hulazimiki kuitupa mojawapo. Programu za kutafsiri na za kuandikia zinaweza kukusaidia kukagua, ila zisijaze mahali pako sifa ambazo hukuzisema.

Hatua ya tano: Bisha hodi, ujitaje, useme ulichojia

Ujumbe wa kwanza wa binti yule ulikuwa na neno moja: "Mambo." Siku mbili baadaye akaongeza: "Mbona kimya bosi? Naomba koneksheni ya kazi yoyote hapo kwenu."

Nilimweleza hivi. Uswahilini mtu hupiga hodi, akaitikiwa, akakaribishwa barazani, wakaulizana hali, ndipo shida ikatajwa. Utaratibu huo ni mzuri, nami naupenda, lakini unategemea watu wawili walio mahali pamoja. Kwenye maandishi, anayetuma "Mambo" na kusubiri anamlazimisha mwenyeji wake kuitikia kabla hajajua anaitwa na nani wala kwa jambo gani. Hodi, jina na shida viwekwe katika ujumbe mmoja. Salamu isiondolewe, ifupishwe tu.

Salamu yenyewe ichaguliwe. "Shikamoo" ni adabu, ila kwa mtu ambaye hujui umri wake inaweza kumfanya mwenzako wa rika moja ajione mzee, au ikageuza mazungumzo ya kazi kuwa ya mtoto na mkubwa. "Habari za kazi" humfaa kila mtu. Kama jina halikuoneshi ni mwanamume au mwanamke, "Ndugu" ni neno zuri na rasmi. Epuka "bosi" na "mkuu" kwa mtu asiyekuajiri, na mwanamke wa kazi asiitwe "mrembo" wala "mpenzi", hata kama mwandishi amekusudia ukarimu.

Nafasi ya ujumbe unaoambatana na ombi la kuunganishwa haizidi herufi 300, na kwa akaunti isiyolipiwa huwa pungufu ya hapo. Maneno ya Kiswahili ni marefu, kwa hiyo hesabu maneno thelathini hivi, si zaidi. Tulimwandikia hivi mtaalamu mmoja wa mabomba:

"Habari za kazi, Ndugu. Mimi ni fundi mchundo wa uchomeleaji, Tanga. Nimesoma andiko lako kuhusu ukaguzi wa viungo vya bomba, hasa usafishaji wa kila tabaka. Naomba kuungana nawe niendelee kujifunza."

Bila kuhesabu jina la mpokeaji, ujumbe huo haufiki herufi 200. Kutaja usafishaji wa kila tabaka la uchomeleaji ndiko kunakoonesha kwamba andiko lile amelisoma kweli. Neno "naomba" linatosha kwa adabu; ukiandika "naomba sana tafadhali nisaidie mdogo wako", unamtwisha mtu usiyemjua mzigo wa udugu.

Alipokubaliwa, tuliandika ujumbe wa pili: "Nashukuru kwa kunipokea. Nina miaka miwili ya kuchomelea mageti na mapaa ya chuma, nami ningependa kuhamia kwenye kazi za mabomba. Je, kwa mtu wa ngazi yangu, ni mtihani gani wa uchomeleaji unaotangulia? Ukipata nafasi, jibu la mstari mmoja litanitosha." Hakuomba kazi yoyote. Anayesema yuko tayari kwa kazi yoyote anamwachia msomaji kazi ya kufikiri amweke wapi, na msomaji huyo ana kazi zake. Swali dogo lenye jibu linalojulikana hujibiwa.

Hatua ya sita: Soma kwa sauti kabla ya kutuma

Niliwahi kumwandikia mteja ujumbe mzuri, kisha nikaunakili kwa ofisi ya pili nikasahau kufuta jina la ofisi ya kwanza. Jibu lilikuja kwa sentensi moja ya upole kwamba ujumbe ule bila shaka ulikusudiwa wengine. Nilimwomba mteja radhi, lakini nafasi ile haikurudi, na jambo hilo linaniuma hadi leo kwa kuwa hasara haikuwa yangu. Tangu hapo kila ujumbe unaotoka mezani kwangu husomwa kwa sauti na mwenyewe, kuanzia jina la mpokeaji. Ulimi ukikwaa mahali, hapo sentensi inahitaji kukatwa.

Hatua ya saba: Subiri, kisha rudisha jibu

Mpe mtu wiki moja. Ukikumbusha, kumbusha mara moja tu, kwa mfano: "Nakukumbusha kwa heshima swali langu la wiki iliyopita." "Mbona kimya" ni lugha ya watu wanaodaiana. Akikataa, mshukuru kwa kujibu.

Binti yetu alijibiwa siku ya tano. Mtaalamu yule alimtajia mtihani wa 6G, ambao bomba hufungwa likiwa limelala kwa nyuzi 45 na halizungushwi, hivyo mchomeleaji ndiye anayelizunguka, akimaliza kiungo chote kwa mikao yote. Alikuja dukani na simu mkononi akitaka kujibu kwa alama za makofi. Nilimsihi aandike, na safari hii aliandika mwenyewe:

"Nashukuru. Nilikuwa sijui kwamba bomba halizungushwi. Nimeanza mazoezi karakanani tangu Jumatatu, na mkao wa chini ndio unaonisumbua. Nikifaulu nitakuarifu, na nisipofaulu pia nitakuarifu."