Kiwango cha maji ya boila kikiyumba, anza na vali

Mimi ni fundi wa vyombo vya upimaji kwenye boila za viwanda vya sukari, zile zinazochoma makapi ya miwa. Kati ya vyote ninavyovitunza, kiwango cha maji ndani ya dramu, tangi la juu ambamo mvuke hutengana na maji, ndicho ninachokiheshimu zaidi. Maji yakipungua mno, mabomba yanaungua na watu wanaweza kufa. Yakizidi, mvuke unayabeba hadi kwenye tabaini, mashine inayozungushwa na mvuke, na kuharibu mapanga yake. Katikati ya hatari hizo mbili ipo vali ya kudhibiti maji. Ni ajabu jinsi inavyosahaulika mpaka siku mstari wa kiwango kwenye skrini uanze kuchora milima na mabonde.

Siku hiyo mkono wa kila mtu hukimbilia namba za kontrola, kifaa kinachoiamuru vali ifunguke kiasi gani. Uzuie wa kwako. Subiri mzigo utulie, mwombe opereta asimame mbele ya kioo cha maji akiwa na redio ya mkononi, kisha weka kontrola kwenye manyuali, yaani wewe ndiye unayeiamuru vali, kwa dakika chache. Kiwango kitapanda au kushuka polepole, na hiyo ni kawaida. Unachotaka kujua ni kama ule mwendo wa kwenda na kurudi umekoma. Kama unaendelea, chanzo kiko nje: pampu, presha ya mvuke, au mtambo mwingine unaovuta na kuachia. Ukikoma, tatizo liko kwenye vali au kwenye kontrola, na rekodi itakuambia ni lipi. Pale kontrola inapochora meno ya msumeno huku spindo (fimbo inayofungua na kufunga vali) ikitulia, kisha inaruka, halafu inatulia tena, vali inakwama. Hakuna namba ya kontrola itakayoponya msuguano.

Kwa kukwama, nenda kwenye vali yenyewe. Funga dayo geji, kipimo cha mishale cha kupimia misogeo midogo, kwenye fremu yake, ncha iguse spindo. Ukiwa bado kwenye manyuali, ongeza asilimia 1, subiri, ongeza tena asilimia 1. Vali nzuri inaitika kila mara. Inayokwama itanyamaza mara mbili au tatu, halafu itaruka kwa mpigo. Rudi chini vilevile, maana nyingine hukwama upande mmoja tu. Jaribio la kufungua na kufunga vali yote, sifuri hadi mia, liache mpaka boila izimwe.

Msuguano mwingi ninaoukuta unatoka kwenye pakingi, kile kizibio kinachoizunguka spindo. Mvuke kidogo ulivuja, mtu akakaza nati za glandi (kikandamizo cha pakingi) kwa nguvu zake zote, na ya upande mmoja zaidi. Ifute spindo kwa kitambaa uimulike kwa tochi: ukiona mchirizi unaong'aa upande mmoja, glandi imekaa mshazari. Kaza nati zote sawasawa, kwa nguvu aliyoandika mtengenezaji. Spindo ikishakwaruzwa, ibadilishe pamoja na pakingi, la sivyo itaila pakingi mpya ndani ya muda mfupi. Pakingi ya grafiti inavumilia joto kali lakini inabana sana. Maji ya kutoka dieareta, tangi linaloondoa hewa kwenye maji, yapo kwenye nyuzi 105 hivi, kwa hiyo mara nyingi pakingi ya PTFE (teflon) inatosha kabisa na inateleza vizuri zaidi. Hakiki kwanza joto na presha ya kwako.

Halafu hewa. Fungua koki ya chini ya chujio la hewa lililo karibu na pozishena, kifaa kinachoisogeza vali kwa hewa. Kama yanatoka maji meupe kama tui la nazi, hayo ni maji yaliyochanganyika na mafuta ya kompresa, na yamekwisha kupita kwenye vitundu vidogo vya pozishena. Kusafisha pozishena huku kikausha hewa kimekufa ni kazi ya bure. Tengeneza kikausha kwanza. Baada ya hapo pima kwa ishara ya umeme ya miliampea 4, 8, 12, 16 na 20, kwenda na kurudi. Spindo isimame kwenye asilimia 0, 25, 50, 75 na 100. Jua pia vali inaelekea wapi hewa ikikatika, na kila zamu ilijue hilo.

Sasa ukubwa wa vali, jambo ambalo watu wa manunuzi hawapendi kulisikia. Chukua boila ya tani 30 za mvuke kwa saa, na bar 6 zinazopotea kwenye vali. Kv inayohitajika (mita za ujazo za maji zinazopita kwa saa presha ya bar 1 ikipotea kwenye vali) ni kama 12.5. Kiwanda kimoja kilifungiwa vali ya mstari mnyoofu (mtiririko unaongezeka sawasawa na ufunguzi) yenye Kv 63, eti iwe na akiba. Vali hiyo inafanya kazi ikiwa wazi kwa asilimia 20 tu. Ikiruka asilimia 2, maji yanabadilika kwa tani 3 kwa saa, na hapo kiwango hakitatulia kamwe. Tena, maji yanayopita kwa kasi karibu na siti (kikalio cha plagi, kizibo cha vali) yanaichimba. Dawa ni kuagiza plagi na siti ndogo zaidi kwa bodi ileile, ukipendelea aina ya asilimia sawa, ambayo kila hatua ya ufunguzi inaongeza mtiririko kwa asilimia ileile ya uliopo. Kabla ya kuagiza, hakikisha baipasi, bomba linaloizunguka vali, imefungwa kabisa. Baipasi inayopitisha inailazimisha hata vali sahihi ijibane.

Wakati wa kuwasha boila baridi, dramu haina presha na pampu inasukuma kwa nguvu zote, kwa hiyo tofauti yote ya presha inaangukia kwenye vali. Ukisikia mlio wa kukwaruza na ukaja kukuta plagi ina vishimo vishimo, ndiyo sababu. Weka vali ndogo ya kuwashia pembeni.

Namba za kontrola ziguse mwisho, baada ya kuandika za zamani. Kumbuka kwamba tabaini ikivuta mvuke ghafla, presha inashuka, mapovu yanavimba na kiwango kinapanda huku maji yakipungua. Kontrola inayotazama kiwango peke yake itafunga maji wakati mbaya kabisa. Mzigo wa kiwanda cha sukari unabadilika kila mara, kwa hiyo ipe kontrola pia kipimo cha mvuke unaotoka na cha maji yanayoingia. Punguza nguvu ya kontrola (gain) kwanza, kisha refusha muda wa kujumlisha (integral), badiliko moja kwa wakati, na uache kila moja lipite zamu nzima kabla ya kugusa jingine.