Kuchagua mwongozo wa mtindo na kamusi kabla ya kuhariri mswada wa kisayansi

Usiguse sentensi hata moja kabla hujajua unahariri kwa kanuni za nani.

Hatua ya 1. Muulize mwandishi anapeleka makala jarida gani, kisha usome maelekezo ya jarida hilo kwa waandishi. Hayo yana nguvu kuliko kitabu chochote. Yakiwa kimya juu ya jambo fulani, fungua makala mbili tatu zilizotoka humo karibuni.

Hatua ya 2. Chagua mwongozo mmoja wa mtindo, yaani kitabu cha kanuni za uandishi. Makala za tiba mara nyingi hufuata AMA, mwongozo wa Chama cha Madaktari cha Marekani, toleo la 11 la mwaka 2020. Saikolojia hufuata APA, wa Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani, toleo la 7. Biolojia ina CSE, wa Baraza la Wahariri wa Sayansi. Tofauti zake si za juujuu. AMA hutaja marejeo kwa namba, APA kwa jina na mwaka. Thamani ya P (namba ya kitakwimu ya kupimia matokeo), AMA huiandika kwa herufi kubwa na APA kwa ndogo, na yote miwili huacha sifuri mbele ya nukta: .03, si 0.03.

Hatua ya 3. Chukua kamusi moja ya jumla: Merriam-Webster kwa Kiingereza cha Marekani, Oxford kwa cha Uingereza. Hapa wengi huteleza, wakidhani tahajia ya Uingereza ni mwisho wa -ise tu, kama organise. Oxford hutanguliza -ize, na Shirika la Afya Duniani hufuata hivyo: organization hukaa pamoja na anaemia na programme. Usiitegemee Word ikuonye, maana ukiiweka kwenye Kiingereza cha Uingereza hukubali -ise na -ize zote.

Hatua ya 4. Tafuta kamusi ya fani. Kwa tiba, Dorland's au Stedman's. Ikisiri ya Kiswahili ikitakiwa, TUKI (Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili) walitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Ila majina ya jeni yahakiki kwenye hifadhidata rasmi za majina hayo, si kwenye kamusi. Jeni ya binadamu TP53 huandikwa kwa herufi kubwa za mlazo. Ya panya mdogo (mouse) ni Trp53. Mhariri anayezifanya zifanane kwa kupenda unadhifu amebadilisha mnyama aliyechunguzwa, na huo ni upotoshaji wa matokeo.

Hatua ya 5. Andika kila uamuzi kwenye ukurasa mmoja: jarida, mwongozo na toleo lake, kamusi, tahajia ulizochagua, vifupisho. Uambatanishe na mswada unapomrudishia mwandishi, ili masahihisho ya wakaguzi wa jarida yakija naye afuate kanuni zilezile.