Kubadilisha Springi na Shokomzoba za Pikapu ya Kila Siku

Kabla hujaenda Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi kununua vipuri, pima kwanza mzigo unaoubeba siku zote, kwa maana uzito wa gari hubebwa na springi, ilhali kazi ya shokomzoba ni kutuliza mdundo tu. Springi za mzigo wa kilo 300 zikifungwa kwenye pikapu inayokwenda tupu kutoka Rongai hadi mjini, kila tuta litakupiga mgongoni. Springi mpya zikiinua gari kwa milimita 40 hadi 50, inatosha. Ukizidisha, pembe za ekseli za mbele huwa kali mno na mipira ya breki huvutika.

Badilisha shokomzoba za kushoto na kulia kwa pamoja. Egemeza chesi juu ya stendi, kamwe si jeki pekee, na uache bolti zenye bushi za mpira (vikombe vya mpira kwenye viungo) zikiwa zimelegea kidogo mpaka gari lisimame tena kwa magurudumu yake; mafundi wengi huzikaza gari likiwa hewani, kisha mpira hujisokota na kupasuka mapema. Mimi nimewahi kulipia bushi hizo mara mbili. Baadaye, fanyia magurudumu alaimenti (yanyooshwe yaelekee sawa), rekebisha taa za mbele, na baada ya kilomita 500 ukaze upya bolti zote.