Majina ya maharusi kwa Great Vibes
Ukitengeneza kadi ya harusi kwa Great Vibes, ile fonti ya mwandiko wa mkono ya Robert Leuschke inayopatikana bure Google Fonts, tafadhali usiandike jina zima kwa herufi kubwa. Herufi kubwa zake zina mikia mirefu. Zikipangwa pamoja zinasongana na jina halisomeki. Anza na kubwa moja, zinazofuata ziwe ndogo. Halafu usiongeze nafasi kati ya herufi. Zimechorwa zishikane kama kalamu haijanyanyuliwa, na uzuri wake wote umo humo. Ukizitenganisha hata kidogo, mwandiko unakatika. Ukumbi, saa na namba za simu weka fonti ya kawaida, wazee nao wasome bila kuhangaika.