Namna ya Kufundisha Utalii na Ukarimu Chuoni kwa Muda wa Ziada

Mtu anayefanya kazi hotelini au katika kampuni ya kuongoza watalii mjini Arusha, na anayetaka kufundisha chuoni kwa vipindi, hana budi kuanza na kalenda. Wageni huwa wengi kuanzia Juni hadi Oktoba, na tena mwishoni mwa Desemba. Wakati wa masika, hasa Aprili na Mei, baadhi ya kambi za kitalii hufungwa na nafasi hupatikana. Omba vipindi vyako vizingatie hali hiyo kabla ratiba ya muhula haijabandikwa.

Mkataba uwe wa maandishi. Utaje malipo ya kila saa, na useme wazi iwapo kutunga mitihani, kusahihisha na kuwatembelea wanafunzi walio kwenye mafunzo kwa vitendo kunalipwa, kwa maana hapo ndipo wakufunzi wa muda hupunjwa.

Mitaala inayosimamiwa na NACTVET, yaani Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi, hupima umahiri, yaani kile ambacho mwanafunzi anaweza kukitenda. Kwa hiyo usiwasomee kitini saa nzima. Katika somo la huduma ya chakula, panga meza moja mbele yao: uma kushoto, kisu kulia makali yakielekea sahani, glasi juu ya ncha ya kisu. Kisha ivuruge, kila mmoja aipange upya huku wenzake wakimkosoa kwa adabu, nawe ukijaza fomu ya tathmini papo hapo. Vifaa vikiwa vichache, wagawe wawe wageni na wahudumu, na mgeni mmoja alalamikie supu iliyopoa. Alama ziwasilishe kwa mkuu wa idara mapema, ukibaki na nakala.