Kabla hujapima ukumbi, jipime wewe fundi

Mimi na fundi mwenzangu tuliwahi kupima jinsi sauti inavyosikika kwenye ukumbi mmoja wa kanisa hapa Dar: spika zilezile, programu ileile ya kuchora grafu ya sauti kutoka besi hadi za juu, kila mtu kwa siku yake. Grafu zikapishana kwa desibeli 5 kwenye sauti za kati. Tukabishana maiki ya nani ni mbovu. Zote zilikuwa nzima. Yeye aliishika mkononi. Mimi niliiweka kwenye stendi, kisha nikasimama nyuma yake kama mlinzi wa benki.

Hatua ya 1: Jitoe kwenye kipimo. Maiki ikae kwenye stendi, kimo cha masikio ya mtu aliyeketi, kama mita 1.2. Bandika selotepu sakafuni pale miguu ya stendi inapokanyaga. Zima mapangaboi. Wewe kaa mbali, maana mwili hurudisha sauti na nguo huimeza. Mwanafizikia Wallace Sabine wa Chuo Kikuu cha Harvard, aliyeanza kazi hii ya kupima sauti za kumbi mwaka 1895, alipima usiku kwa bomba la kinanda, saa na masikio yake. Alipogundua kwamba hata mavazi yake yanabadilisha majibu, alitupa vipimo vya awali akaanza upya, akivaa nguo zilezile kila mara.

Hatua ya 2: Pima kosa lako. Hapa ndipo wengi wanaporuka. Piga pinki noizi, ule mvumo kama mvua juu ya bati, kisha hifadhi grafu. Ondoa stendi kabisa, kanywe maji, irudishe kwenye selotepu, pima tena. Fanya hivyo mara 3 na uzipandishe grafu zote pamoja. Kwenye besi zitakaribiana. Kadiri unavyopanda juu zitaanza kuachana. Si uchawi: kwenye hezi 1,000 (mitetemo 1,000 kwa sekunde) wimbi moja lina urefu wa sentimita 34 hivi, kwa hiyo ukikosea nusu shubiri tu, kilima cha grafu (sauti iliyozidi) kinaweza kugeuka bonde (sauti iliyopungua). Zikiachana kwa desibeli 2 mahali fulani, basi tofauti ya desibeli 2 hapo ni mkono wako, si ukumbi. Usiiguse kwenye ikwalaiza, ile ya kuongeza au kupunguza besi, sauti za kati na za juu.

Hatua ya 3: Hama viti. Pima sehemu 6, programu ikupe wastani. Kata kilima kinachojitokeza kila mahali. Bonde la kiti kimoja liache; ukilijaza, viti vingine vitano vitalia. Mkiwa wawili, lainisheni grafu (programu ichukue wastani wa sauti zinazokaribiana) kwa kiwango kimoja, tuseme theluthi ya oktavu (oktavu ni kupanda hadi mitetemo iwe mara mbili), la sivyo mtalinganisha embe na nazi.

Hatua ya 4: Funga kiwango cha sauti. Tangu utafiti wa usikivu wa Fletcher na Munson mwaka 1933 inajulikana kwamba sikio husikia besi hafifu sauti ikiwa ndogo. Anayesikiliza kwa sauti ndogo ataongeza besi, na Jumapili wazee wa mbele watahama viti. Mimi hutumia desibeli 80 na kuziandika kwenye karatasi. Usije ukiwa umetoka kwenye daladala lenye muziki wa kupasua. Pumzisha masikio kwanza. Kisha mwambie mwenzako abadilishe kati ya mpangilio wa zamani na mpya wa ikwalaiza bila kukuambia upi ni upi. Ukishindwa kuutambua mpya, urudishe wa zamani.

Hatua ya 5: Rudi watu wakiwepo. Miili humeza zaidi sauti za juu, kwa hiyo usizikate sana ukumbi ukiwa mtupu. Keti pale penye selotepu, usikilize kwaya na mahubiri, halafu ndipo uguse miksa.