SOMO: Mzee anajikuna usiku kucha, nini kifanyike?

Kabla ya kushika kopo la mafuta, shika tochi. Mulika katikati ya vidole vya mikono, vifundo vya mikono, kiunoni na sehemu za siri. Ukikuta vipele vidogo huko, mwasho unazidi usiku, na kuna mwingine nyumbani anayejikuna, shuku upele wa kuambukiza. Huo hauponi kwa mafuta; unataka dawa, na nyumba nzima inatibiwa siku hiyohiyo.

Ukikuta miundi ya miguu ina magamba meupe kama majivu, ngozi imepasuka kama tope la kiangazi, na vipele hakuna, huo ni ukavu. Ngozi ya uzeeni hutoa mafuta kidogo na haishiki maji. Kwa hiyo kumsugua mzee kwa dodoki na sabuni ya mche, tena ndani ya maji yenye dawa ya kuua vijidudu, ni kumzidishia. Si uchafu unaomuwasha.

1. Aoge mara moja kwa siku, dakika 5 hadi 10, maji vuguvugu (yajaribu kwa kiwiko). Sabuni ipite kwapani, kinenani, matakoni na kwenye nyayo. Kwingine maji matupu. Wazee wengi hugoma, kwao kuoga bila povu si kuoga. Basi mpe sabuni isiyo na manukato, ajipake kwa kiganja.

2. Mkaushe kwa kumgusagusa na taulo. Abaki na unyevu kidogo.

3. Mpake ndani ya dakika 3. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Mafuta ya mgando hayaongezi maji, yanafungia yaliyopo. Ukisubiri ngozi ikauke, umefungia ukavu. Pitisha mkono kufuata vinyweleo vinakolala, maana kusugua kinyume huleta vijipu.

4. Rudia kabla ya kulala, mwili mzima. Kopo la gramu 250 likikaa miezi miwili, hampaki, mnagusisha tu.

5. Kata kucha.

Tahadhari: nguo na shuka zilizolowa mafuta haya hushika moto upesi, kwa hiyo kibatari, jiko na sigara viwe mbali. Nyayo zikipakwa, avae soksi na viatu visivyoteleza kabla ya kukanyaga sakafu.

Wiki 2 zikipita bila nafuu, au anawashwa mwili mzima na ngozi haina kitu, apelekwe akapimwe figo, ini, sukari, tezi ya shingo na wingi wa damu. Msikimbilie krimu za dukani zinazotuliza kwa siku moja. Nyingi zina steroidi, dawa inayopunguza unene wa ngozi, na ngozi ambayo tayari ni nyembamba huishia kuchanika kwa kugongwa na ukingo wa kitanda.

MASWALI

Swali: Bibi ana kisukari. Nimpake hadi katikati ya vidole vya miguu?

Jibu: Hapana, hapo pakaushe vizuri. Unyevu ukibaki unaleta fangasi, fangasi inapasua ngozi, na mpasuko kwa mwenye kisukari ni mlango wa kidonda. Visigino na juu ya mguu paka, na kila siku kagua nyayo.

Swali: Wakuu, Piriton (dawa ya mzio) usiku si inamlaza?

Jibu: Inamlaza, ila mwasho wa ukavu haiugusi sana. Kwa mzee inaweza kuleta kuchanganyikiwa, kuanguka akienda msalani, na kwa mwanamume mwenye tezi dume iliyovimba, mkojo kuziba. Usimpe bila kumwuliza daktari.

Swali: Baba alikutwa na upele, tulimpaka dawa mara mbili kama tulivyoelekezwa. Wiki ya pili bado anajikuna. Dawa feki?

Jibu: Si lazima. Wadudu wakishakufa, mwasho unaweza kudumu wiki 2 hadi 4. Angalia vipele vipya. Vikitokea, kuna mtu hakutibiwa, au shuka hazikufuliwa kwa maji ya moto, au dawa haikufika chini ya kucha. Kwa mzee hata kichwani inafaa kupakwa. Mweleze mhudumu kama kichwa mlikiruka.